Shajara ya kijitabu cha kwaya: kurasa 32, karatasi 8

Jumamosi usiku, wiki tano kabla ya Pasaka

Leo mazoezi yalipoisha mwalimu wa kwaya kaniita pembeni akanipa bahasha ya kaki imejaa makaratasi. "Dada, hizi zote nimetunga mwenyewe, na mkesha wa Pasaka nataka kila mwanakwaya awe na kitabu mkononi, sio haya makaratasi." Nikaipokea kwa mikono miwili manake najua alivyohangaika na hizo nyimbo, zingine nakumbuka zilivyoanza kwa kupigwa mluzi tukiwa tunasubiri daladala. Na makaratasi kweli yametuchosha, kila wiki mtu anasahau ya kwake nyumbani, besi watatu wanachungulia fotokopi moja iliyofifia, feni ikiwashwa nusu ya wimbo wa komunyo iko chini ya mabenchi.

Nimefika nyumbani nikahesabu. Nyimbo ni 15. Kati ya hizo 11 zinakula kurasa mbili mbili, mmoja wa sadaka ni mrefu unakula nne, na tatu fupi zinakaa ukurasa mmoja mmoja. Jumla 29, nikiongeza ukurasa wa jina mwanzoni ndo 30. Saizi itakuwa A5, yaani A4 iliyokunjwa katikati, inaenea mkononi na inaingia kwenye mkoba. Ndani bondi ya gramu 80, kava la manila, pini mbili mgongoni basi.

Mwalimu kanipa sharti moja tu ila ndo zito kuliko yote: hamna kufunua ukurasa katikati ya wimbo. Kasema mwanakwaya akishaanza kufunua macho yanaondoka kwake, na akishapoteza macho yao tempo nayo imeondoka. Wimbo wa sadaka tu ndo kauachia, kurasa nne lazima ufunue mara moja, hapo hamna namna.

Jumatatu

Sijafungua kompyuta kabisa leo. Nimechukua karatasi nane zilizotumika upande mmoja, nikazipanga pamoja, nikakunja katikati, nikaanza kuandika namba kwa kalamu ya risasi kutoka ukurasa wa mbele kabisa mpaka wa nyuma kabisa, 1 mpaka 32. Afu nikazifungua moja moja nikazitandaza kitandani. Kama hujawahi kufanya hii kitu fanya, manake ukielezwa kwa mdomo huwezi kuamini. Karatasi ya nje kabisa upande mmoja ina 32 kushoto na 1 kulia, ukiigeuza ina 2 na 31. Inayofuata ni 30 na 3, nyuma yake 4 na 29. Inaenda hivyo hivyo mpaka karatasi ya nane ya katikati, ambayo ni 18 na 15, nyuma yake 16 na 17.

Angalia hizo jozi. 32 na 1 ni 33. 2 na 31 ni 33. 18 na 15 ni 33, 16 na 17 ni 33. Siku zote ni idadi ya kurasa zako ongeza moja, kwa hiyo hata kama programu imekupangia yenyewe unaweza kukagua kwa kujumlisha kichwani, jozi ikikataa kufika 33 kuna kitu kimehama.

Na hapo ndo nikaona vizuri kwa nini lazima kurasa zigawanyike kwa nne. Karatasi moja ukiikunja inakupa kurasa nne, hakuna namna ya kuongeza mbili bila kuongeza karatasi nzima. Mimi ninazo 30, kwa hiyo mbili za mwisho zitabaki tupu. Sijapenda lakini nimeziacha kwanza.

Hii dami, yaani kitabu cha mfano, nimeibana na klipu, itakaa mezani mpaka mwisho wa kazi.

Jumatano

Nimeanza kupanga kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa za vitabu. Ni ya bure, na toleo la 1.6 lililotoka mwaka 2024 linakwenda vizuri kwenye laptop yangu ya zamani. Nimefungua dokumenti ya A5, kurasa mkabala, ukurasa wa kwanza ukae kulia. Pambizo la ndani milimita 15 kwa sababu ya mkunjo, la nje 12. Namba za kurasa nimeziweka kwenye ukurasa mama, yaani kiolezo ambacho kurasa zingine zote zinakifuata, wa kushoto una wake na wa kulia una wake, ili namba ikae kona ya nje kila upande. Usije ukaandika namba kwa mkono ukurasa baada ya ukurasa, ukija kuhamisha kitu kimoja utalia.

Kingine cha muhimu, na hapa najua wengi wanachanganya: kwenye Scribus unapanga kurasa kwa mpangilio wa MSOMAJI. 1, 2, 3, 4, kama kitabu kinavyosomwa. Mpangilio wa printa, ule wa 32 na 1, unakuja mwishoni kabisa ukishatoa PDF. Nilishaona mtu anatengeneza kurasa za A4 za kulala anaingiza ukurasa wa 32 na wa 1 kwa mkono kwenye fremu mbili, afu mteja akasema ongeza shairi moja. Kazi yote ikaanza upya.

Kilichonila muda leo ni nota. Sisi tunatumia nota za herufi, d r m f s l t, zile alizozisambaza John Curwen kule Uingereza karne ya 19 na zikaja huku na wamisionari. Urahisi wake ni kwamba hazihitaji programu ya muziki, ni herufi tu na nukta pacha na mistari ya kusimama. Ugumu wake ni kwamba soprano, alto, teno na besi lazima zisimame wima kabisa, pigo chini ya pigo, na maneno chini yake. Ukipanga kwa kubonyeza spesi haikai, herufi m ni pana na l ni nyembamba, ukifika pigo la nne besi wameshaachwa nyuma. Nimetumia tabu, nimeweka vituo vya tabu kwenye staili moja nikaitumia kwa nyimbo zote, zikasimama kama askari. Afu ile alama ya juu ya d ya sauti ya juu, maandishi niliyoyatoa kwenye Word yalikuja na koma zilizopinda, zingine zinaangalia kushoto zingine kulia. Nikatafuta na kubadilisha zote kwa mkupuo mmoja. Mtu anayeimba hawezi kuwa anajiuliza hiyo ni koma au ni oktevu.

Ijumaa usiku sana

Kurasa 30 zimekaa. Ukurasa 1 jina, wimbo wa mwanzo 2 na 3, unaofuata 4 na 5, kila wimbo wa kurasa mbili unaanzia kushoto. Na kushoto siku zote ni namba shufwa, kulia ni witiri, kwa hiyo kanuni yangu nimeiandika kwenye karatasi nikabandika ukutani: WIMBO UNAANZA KWENYE SHUFWA. Zile tatu fupi mwalimu alikuwa anazitaka katikati kufuata mpangilio wa misa, nikampigia nikamweleza kwamba ukurasa mmoja ukiingia katikati unasukuma nyimbo zote za mbele yake upande mwingine, akafikiri kidogo akasema basi ziweke mwisho, "hizo wanazijua kwa kichwa."

Jumapili jioni

Nimeharibu na nimetengeneza, naandika yote mawili.

Baada ya misa mama mlezi wa kwaya kaniuliza, mwanangu, yaliyomo yako wapi? Kweli, sikuweka. Nikasema nina kurasa mbili tupu mwishoni, natumia moja. Nikafungua Scribus nikaingiza ukurasa wa yaliyomo baada ya jina, ukawa ukurasa wa 2, nikasevu, nikatoa PDF, nikaiangalia kwenye skrini ukurasa mmoja mmoja, safi kabisa. Nikaprinti dami moja kwa kaka jirani mwenye printa, nikakunja, nikafungua wimbo wa mwanzo. Uko kulia. Nusu ya pili iko nyuma yake.

Nyimbo zote! Ukurasa mmoja tu niliouongeza mbele umehamisha kila kitu hatua moja, zilizokuwa 2 na 3 zimekuwa 3 na 4, zilizokuwa 4 na 5 zimekuwa 5 na 6. Kwenye skrini sikuona kwa sababu nilikuwa natazama ukurasa mmoja kwa wakati na kila ukurasa peke yake ulikuwa sawa. Kilichoharibika ni ujirani wa kurasa, na ujirani unauona vizuri ukishika karatasi mkononi, au angalau ukiweka skrini ionyeshe kurasa mbili mkabala huku ya kwanza ikikaa peke yake.

Dawa ilikuwa kuongeza mbili badala ya moja. Yaliyomo ukurasa wa 2, na ukurasa wa 3 nikaweka sala ya mwanakwaya ambayo tunaisali kila tukianza mazoezi na wageni huwa hawaijui. Sasa nyimbo zinaanza 4 na 5 mpaka 28 na 29, fupi tatu zinakaa 30, 31 na 32. Jumla 32 kamili, inagawanyika kwa nne, hamna ukurasa tupu hata mmoja.

Na kuna kitu kimetokea ambacho sikukipanga, nimekaa nakiangalia mpaka sasa. Wimbo wa sadaka, ule mrefu, kabla ya hapo ulikuwa unaanza ukurasa wa 14. Sasa umeangukia 16 na 17, katikati kabisa ya kitabu. Hizo kurasa mbili ni karatasi moja upande mmoja, haikukatwa popote, kitabu kikifunguka hapo kinalala chali chenyewe na mistari ya nota inaweza kuvuka kutoka kushoto kwenda kulia bila kumezwa na mkunjo. Kwa hiyo nimeupanga upya, mistari mirefu inavuka mkunjo kwenye 16 na 17, halafu wanafunua mara moja tu kwenda 18 na 19. Nimempigia mwalimu picha nikamtumia, akajibu "hapo umeniweza."

Jumanne

Leo ni kubadili mpangilio wa msomaji kuwa wa printa. Scribus yenyewe haina kitufe cha kijitabu, InDesign inacho, LibreOffice Writer nayo inacho kwenye sehemu ya kuprinti. Kwa PDF njia rahisi ni Acrobat Reader, ukienda kuprinti kuna chaguo la kijitabu, unachagua pande zote mbili au upande wa mbele tu au wa nyuma tu, nayo inapanga jozi yenyewe. Mimi lakini sikutaka kutegemea kompyuta ya dukani itakuwa na nini, nikataka faili ambalo limeshapangwa tayari. Nikatumia pdfbook2, ni programu ya kuandika amri, inakuja pamoja na TeX Live, mkusanyiko wa programu za kupanga maandishi. Unaipa PDF yako inakupa nyingine yenye jina lile lile na -book mwishoni, kurasa za kulala, mbili mbili kila upande. Kutoka 32 zimekuwa 16, yaani karatasi 8 pande mbili.

Nikafungua, jozi zote zinafika 33, ila pambizo sio zangu. Maandishi yamekuwa makubwa na yamesogea. Ikanichukua kama nusu saa kuelewa kwamba hiyo programu isipoambiwa inakata nafasi nyeupe pembeni na kuweka ya kwake. Kuna chaguo la kuizuia isikate, --no-crop, nikaliweka na milimita 15 zangu za ndani zikarudi. Nikaweka na --short-edge, manake isipoambiwa inapanga kwa printa inayogeuza karatasi kwa upande mrefu.

Alhamisi, stesheneri

Siku ndefu. Nimebeba rimu yangu mwenyewe. Hesabu ilikuwa tamu: nakala 60 mara karatasi 8 ni 480, rimu ina 500, kwa hiyo nina 20 tu za kuharibu.

Kaka wa dukani ni mchapakazi ila ana wateja wengi, kachukua flashi, kafungua faili, kaona kurasa za kulala, akachagua kijitabu kwa nia njema kabisa. Nikamwambia subiri kaka yangu, hii imeshapangwa, ukiipanga tena itapangwa juu ya mpango. Akaangalia akaelewa, akaweka kawaida. Tukaangalia saizi ya karatasi, imeandikwa Letter. Hiyo ni ya Marekani, milimita 216 kwa 279, na sisi tumeweka A4 ambayo ni 210 kwa 297. Ingeprinti tu, isingelalamika, ila katikati ya picha isingekuwa katikati ya karatasi na mkunjo ungepita juu ya maandishi. Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo.

Nililokuwa sijajiandaa nalo ni kugeuza. Printa yake inaprinti pande mbili yenyewe, tukatoa vitabu viwili vya majaribio, karatasi 16, na upande wa nyuma wote uko kichwa chini miguu juu. Sababu ni kwamba ilikuwa imewekwa igeuze kwa upande mrefu, kama barua ya kawaida iliyosimama. Ukurasa wa kulala lazima ugeuzwe kwa upande MFUPI. Tulitakiwa tujaribu karatasi moja tu tuone, sio vitabu viwili vizima, hapo nimezipoteza 16 kati ya zile 20 zangu. Zimebaki 4.

Baada ya hapo nikamuomba tuprinti karatasi moja moja, nakala 60 za karatasi ya kwanza pande zote mbili, tuhakikishe, ndo tuende ya pili. Inachukua muda zaidi kuliko kutoa kitabu kizima kizima lakini ikitokea kosa linabaki kwenye rundo moja. Kila rundo nikachukua ya juu nikasimama mlangoni kwenye mwanga nikatazama pande zote mbili zinalingana. Marundo manane, hamna hata moja lililorudiwa. Kava 60 za manila nazo zikatoka, zile tuliprinti upande mmoja tu.

Printa nyingine zisizogeuza zenyewe unaprinti mbele zote, unarudisha karatasi kwenye trei, unaprinti nyuma. Hapo chora mshale mdogo wa kalamu ya risasi kwenye karatasi moja kabla hujaiingiza, utajua inaingiaje na inatokaje. Kila printa na tabia yake.

Jumamosi, baada ya mazoezi

Tumepanga marundo kwenye mabenchi ya kanisani, karatasi ya nane mwanzo na ya kwanza mwisho, afu kava. Vijana wa teno na dada zetu wa alto wakatembea mstari, unachukua ya nane, unaiweka juu ya ya saba, zote juu ya ya sita, hivyo hivyo, ukifika mwisho una kitabu wazi mikononi na 16 na 17 zinakutazama. Kama hazikutazami rudi mwanzo.

Manila ilitusumbua kidogo. Ukiikunja tu inapasuka kwenye mkunjo, rangi inatoka na nyuzi nyeupe zinaonekana, kwa sababu nyuzi za karatasi nyingi za A4 zinaenda urefuni na sisi tunakunja kukatisha nyuzi. Mama mlezi akatoa kalamu ya wino iliyokwisha na rula, akapiga mstari wa kubonyeza katikati kabla ya kukunja, ikakunjika laini bila kupasuka. Kava zote 60 kazipigia yeye.

Pini. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4 iliyofunguliwa, mkono wake mfupi, na ya mkono mrefu hatukupata. Tulichofanya, stepla unaifungua iwe wazi kabisa, kitabu unakilaza juu ya kandambili ya zamani kava likiangalia juu, unapiga pini kutoka nje kwenye mstari wa mkunjo, inapita mpaka kwenye sponji ya kandambili. Unakibandua taratibu, unageuza, unakunja miguu ya pini kwa ndani kwa kijiko. Pini mbili, kila moja kama sentimita tano kutoka ukingoni. Pini za 26/6 zilipita karatasi nane na manila bila shida. Miguu ikunjwe ikalale kabisa, manake vidole vya watu vinapita hapo katikati ya wimbo.

Ukishakunja utaona karatasi za ndani zimetokeza nje kuliko za nje, kwetu ni kama milimita moja. Ni unene wa karatasi unajumlishana kwenye mgongo, kila moja inaisukuma ya ndani yake. Kwa karatasi nane sio kitu kikubwa, ila kama unakata ukingo uwe sawa basi kurasa za katikati ndo zinapoteza pambizo zaidi. Namba zangu za kurasa mwanzoni nilikuwa nimeziweka milimita 5 kutoka ukingoni, bahati nikazisogeza mpaka 10 kabla ya kuprinti. Kwa kitabu kinene zaidi, kurasa 80 au 100, nisingekunja zote pamoja hivi, ningegawa mafungu ya 16 au 32 nikashona.

Jumapili

Nakala 60 zimegawiwa, kila mtu kaandika jina lake ndani ya kava. Leo tumejaribu wimbo wa sadaka kwa mara ya kwanza na kitabu. Nilikuwa nimesimama mwisho wa mstari wa alto, nikaacha kuimba kidogo nisikilize kurasa. Walifunua wote kwa pamoja mara moja tu, kutoka 17 kwenda 18, ilisikika kama mtu kapitisha ufagio, afu kimya, na macho yote yakarudi kwa mwalimu.

Kwenye ukurasa wa 22 ubeti wa tatu umekosa neno moja, besi ndo wamegundua. Tutaliandika kwa kalamu vitabu vyote Jumatano kabla ya mazoezi, na faili nimeshalirekebisha. Karatasi nne zilizobaki nimezikunja, nimeanza kuandika namba 1 mpaka 16, ni za watoto wa Utoto Mtakatifu, na wao wanataka cha kwao.